Sekunde Kumi na Moja kwenye Skrini ya Inchi Sabini na Tano

Nilipoingia katika duka lile la vyombo vya umeme mjini Machakos, Jumatano saa tatu asubuhi, sikuwa nimekwenda kununua televisheni. Nalisema hili mapema kwa sababu msichana wa duka alinihudumia kama mnunuzi, nami nikamwacha aamini hivyo kwa karibu saa nzima. Sijazoea kumwacha mtu aamini jambo lisilo kweli. Siku hiyo nilimwacha.

Mfukoni nilikuwa na flashi, na ndani ya flashi mlikuwa na video ya sekunde kumi na moja. Wanaume kumi na wanne wamesimama kwenye mdomo wa shimo la dhahabu, mbali huko magharibi mwa nchi, wakingoja zamu yao ya kushuka. Siku mbili baada ya video hiyo kupigwa, shimo liliporomoka, na waliokuwa chini hawakutolewa. Majuma mawili baadaye waokoaji walikata tamaa. Kamati ya machimbo ikatangaza kwamba shimo litazibwa, kwamba ibada itafanyika Ijumaa, na kwamba jamaa za waliopotea watume majina kabla ya Jumatano saa kumi na moja jioni ili yasomwe. Rejista haikuwapo. Wengi wa wachimbaji wale walijulikana kwa majina ya utani tu.

Mtu wa nne kutoka kushoto, safu ya nyuma, ndiye aliyenipeleka dukani. Huenda alikuwa mwanangu Masila. Sikuwa nimemtia machoni kwa miaka minane.

Video ilitufikia Jumapili. Shemeji yangu Titus, anayeuza mbegu sokoni Katangi, aliipata katika kundi la simu akaituma kwa dada yake Peris, mke wangu. Peris aliitazama mara moja tu, akailaza simu kifudifudi mezani, akatoka kwenda kuwapa kuku maji. Mimi niliitazama mara arobaini. Katika simu uso wa yule mtu ulikuwa mdogo kuliko punje ya mtama. Nilikuwa mpima ardhi wa serikali kwa miaka thelathini na minne; nimesimamisha mawe ya mipaka ambayo ndugu waliokuwa wakitaka kukatana mapanga waliyakubali, kwa sababu walijua kwamba Maundu, yaani mimi, hakisii. Niliamini kwamba kitu kikikuzwa vya kutosha, hujulikana. Jumanne nikachukua simu ya Peris, nikaipeleka kwa mwenye saiba, duka la kompyuta mjini, nikamwambia anakilie kwenye flashi picha na video zote zilizomo. Kesho yake nikavaa koti, nikafunga tai ya wanafunzi wa zamani wa shule yetu kama nifanyavyo kila niendapo kwenye jambo zito, nikashuka mjini kwa miguu kutoka Mumbuni.

"Karibu, baba," alisema msichana wa duka. Kwenye kifua cha fulana yake palikuwa na kibandiko kilichoandikwa Lavender. "Unatafuta inchi ngapi?"

"Natafuta picha," nikamjibu. "Inchi tutaziona baadaye."

Akacheka. "Ai, leo nimepata mteja. Wengine huingia hapa wakipima ukuta na mikono."

Katika kiti cha plastiki karibu na mlango alikuwa ameketi mwanamume mnene, miguu ameitupa mbele, akingoja televisheni yake ifungwe kwenye katoni. Baadaye nilifahamu kwamba anaitwa Ndolo, na kwamba ana baa Kyumbi, pale malori yanaposimama. Aliniangalia kutoka viatuni hadi shingoni.

"Mutumia," akaniita kwa Kikamba, yaani mzee, "hiyo tai ni ya kununua TV ama unaenda kuiposa?"

"Ndolo, wachana na mteja wangu," Lavender akamwambia. "Wewe yako ulichagua ukiwa umesimama mlangoni."

"Mimi niko na baa. Watu wangu wakiona mpira ni wa duara, wanatosheka."

Nilimwomba Lavender awashe ile ya inchi hamsini na tano na aniwekee skrini nyeusi tupu.

"Nyeusi? Hutaki kuona rangi?"

"Televisheni ikishindwa na giza, itashindwa na kila kitu kilichomo gizani."

Alinitazama mara ya pili, kisha akatii. Nyeusi ile haikuwa nyeusi. Ilikuwa rangi ya majivu, na katika pembe mbili za chini mwanga ulivuja kama wa chumba chenye mlango usiofungika. Akaweka video ya maonyesho: maembe yaliyokatwa, kasuku, mwanamke anayecheka. Mashavu ya mwanamke yalikuwa mekundu kama nyanya. Nilipomwuliza ni mtu gani mwenye ngozi ya namna ile, alitazama nyuma kuona kama mwenye duka yuko karibu, akashusha sauti.

"Baba, dukani tunaziwekanga kali ndio zivutie mtu akiwa nje. Ukifika nayo nyumbani unafaa kuishusha." Akabonyeza rimoti mara tatu, na maembe yakarudi kuwa maembe ya kawaida, yale tunayoyajua. "Hivyo ndivyo iko."

Nilimheshimu kwa jambo hilo.

Ya pili ilikuwa ya inchi sitini na tano. Giza lake lilikuwa giza kweli, na mstari mweupe uliopita kutoka ukingo hadi ukingo haukupinda wala kuacha kivuli nyuma yake. Nikatoa flashi. Lavender akaichomeka ubavuni, akafungua video, na wale wanaume kumi na wanne wakasimama mbele yetu. Tope jekundu. Taa vichwani. Kamba ya buluu inayoingia shimoni. Mtu mmoja anacheka, mwingine anatema mate. Yule wa nne wa safu ya nyuma anageuka kidogo, anaishika kamba na kuizungusha mara moja kwenye kiganja, kisha video inakwisha.

"Isimamishe hapo anapogeuka," nikasema. "Mkuze huyo wa nyuma."

Alimkuza. Uso ukasambaratika kuwa miraba. Nikasogea, nikaihesabu kwa ncha ya kalamu: saba kwa upana, tisa kwa kimo. Mwanangu, kama alikuwa mwanangu, alikuwa miraba sitini na mitatu, kahawia na kijivu, na mmoja mweusi pale ambapo jicho lingekaa.

"TV haina makosa, baba," Lavender akasema. "Hii video imetumwa, ikatumwa tena. Kila simu inapopitia inaikula kidogo."

"Ile kubwa je?"

Ile kubwa ilitundikwa ukutani peke yake, inchi sabini na tano, pana kama mlango uliolazwa. Lavender alieleza kwamba ina akili yake: ikipewa picha mbovu huisafisha. Akachomeka flashi na kumkuza yule mtu kama mwanzo.

Palikuwa na uso.

Palikuwa na nyusi, na pua pana kidogo upande wa chini kama ya ukoo wetu, na mfupa wa shavu. Nikashika ukingo wa meza. Maneno mawili yalinijia mdomoni, ni yeye, nikayazuia kwa meno. Nikamwomba arudie. Akarudia, akasimamisha mahali palepale, au nukta moja mbele yake. Uso ulikuwapo, lakini taya lilikuwa jingine. Akarudia mara ya tatu. Pua ikawa nyembamba. Alikuwa kijana mwingine kabisa, mzuri wa sura, ambaye sijapata kumwona.

"Nini hii?" nikauliza.

Lavender alikuna shingo. "Ukweli nitakuambia, hata kama bosi atanisikia. Hii mashine ikikosa kitu, inajaza. Imeonyeshwa sura za watu wengi huko ilikotengenezwa, sasa inakisia. Inaweka uso unaofanana na uso." Akaingia kwenye mipangilio, akazima kitu. Uso ukafutika. Miraba sitini na mitatu ikarudi, safari hii kila mmoja mkubwa kama kiganja changu.

"Kwani huyu ni nani, mzee?" Ndolo aliuliza kutoka kitini. Hakukuwa na mzaha katika sauti yake.

"Ni mwanangu," nikasema. "Au siye. Hilo ndilo nililokuja kulitazama. Sikuja kununua. Mnisamehe."

Kisha Lavender alifanya jambo ambalo sitalisahau. Alizunguka duka zima akizima televisheni moja baada ya nyingine, kasuku wakipotea mmoja mmoja kwenye kuta, ili mwanga wao usipige kwenye kioo cha ile kubwa. Akateremsha pazia la dirisha. "Tuiangalie vizuri basi," akasema, akabonyeza mshale kwenye rimoti ili aianze upya.

Alibonyeza mshale usiofaa. Skrini ikaruka kwenye faili iliyofuata, na mbele yangu ikatokea picha ambayo niliamini imefutwa duniani.

Miaka minane iliyopita, muhula wa pili, bweni moja la shule yetu liliungua. Hakuna aliyekufa, lakini magodoro sitini yaliteketea. Mlinzi alikuwa amepiga picha kwa simu yake: mvulana anakimbia kando ya tangi la maji, mgongo umeelekea kamera, moto upande wa kushoto. Shuleni kwetu kila nguo hupigwa wino wa namba ya mwanafunzi. Namba ya sweta hukaa mgongoni, chini ya ukosi. Nimelala chini ya blanketi lenye namba yangu miaka minne na bado naikumbuka kuliko namba ya kitambulisho. Bweni lilipoungua nilikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule. Masila alikuwa kidato cha tatu.

Picha ilipitishwa mezani. Wajumbe waliigeuzageuza, wakapumua, wakasema haionekani. Mmoja alipendekeza tuwaite wavulana wote na kuwahoji. Nilijua wanachokifikiri: kwamba mwenyekiti ana mtoto bweni lilelile, na kwamba atakubali picha isionekane. Niliinua picha ile, nikavaa miwani, nikasoma kwa sauti: elfu nne mia nne kumi na saba. Nikasema, "Ni yeye. Ni mwanangu. Afukuzwe." Mwalimu mkuu alinishika mkono akiwa na machozi, na kwa miaka kadhaa hadithi hiyo ilisimuliwa katika mikutano ya wanafunzi wa zamani kama mfano wa mtu aliyelelewa na shule yetu.

Masila alisimama mlangoni mwa chumba cha mkutano. Alisema, "Asa, si mimi. Baba, si mimi." Nikamwambia kwamba wavulana wa shule hii hawasemi uongo mbele ya bodi. Alikaa Katangi kwa mjomba wake miezi miwili, kwa kuwa nilikuwa nimemfungia lango langu. Kisha akaondoka.

Na sasa picha ileile ilikuwa ukutani, upana wa mita moja na nusu. Peris alikuwa ameipata, sijui kwa nani, na kuitunza katika simu yake miaka yote minane, akiihamisha kutoka simu moja hadi nyingine, wala hakuniambia.

"Mkuze mgongoni," nikasema. "Pale chini ya ukosi."

Lavender akakuza.

"Nisomee hiyo namba."

Alikunja uso. "Namba gani?"

"Hiyo."

"Baba, mimi sioni namba. Naona mikunjo. Sweta imejikunja hapa, na huu mwanga ni wa moto."

"Ndolo," nikaita, "njoo usome."

Ndolo aliinuka, akaja hadi kioo kikamgusa pua, akarudi nyuma hatua tatu. "Hapo kwanza kunafanana na nne," akasema taratibu. "Ama ni uzi umeshuka. Huku kwingine siwezi kukudanganya, mzee. Hakuna kitu."

Nilimwomba Lavender aiwashe tena ile akili ya mashine. Aliiwasha, na mgongoni mwa yule mvulana tarakimu zikaota: nne, kisha nane, kisha nane, kisha kitu kama tisa. Akaongeza ukali, zikabadilika. Akaupunguza, zikazama ndani ya sufu. Akaizima, na hapakuwa na chochote ila mikunjo ya sweta ambayo wavulana mia nane walikuwa na mfano wake.

Nilisimama pale muda mrefu. Niliitafuta ile saba. Nakumbuka nilivyoiona siku ile, mguu wake mrefu, mstari wake wa juu uliopinda kidogo kama mwandiko wa mtunza stoo wetu aliyetia namba nguoni. Nilikuwa tayari kuapa kwa ajili yake, na kwa hakika niliapa. Nilikwenda na macho yangu kutoka kiraka hadi kiraka cha ile skrini kama mtu anayetafuta jiwe la mpaka katika shamba lililolimwa, na jiwe halikuwapo, wala dalili kwamba liliwahi kuwapo.

"Nikuletee maji?" Lavender aliuliza.

Nilimshukuru, nikachukua flashi. Ndolo akanishikia mlango.

Nilifika nyumbani saa nane kupita. Peris alikuwa ameketi barazani akichagua ndengu kwenye ungo, akitupa mawe upande wa kuku. Nilikaa kwenye ngazi bila kuvua koti.

"Umemwona?" akauliza.

"Hapana. Picha haitoshi. Hakuna televisheni itakayoitosheleza."

Akaendelea kuchagua.

"Niliiona na ile nyingine," nikasema. "Ya tangi la maji."

Mikono yake ikasimama. "Ikoje, ukiiona kubwa?"

"Haina namba."

"Haikuwa nayo," akasema Peris. "Usiku ule uliporudi kutoka kwa bodi nilikuuliza kitu kimoja tu. Nilikuuliza, umeiona vizuri? Ukaniambia wewe si mtu wa kukisia."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimemjibu nikiwa nanawa mikono, bila kugeuka.

Aliuweka ungo chini, akaingia ndani na kurudi na simu. "Nimetuma jina la Masila asubuhi, ulipokuwa unafunga tai," akasema. "Titus alinisaidia na ile fomu ya kamati."

"Kwa hiyo umemtambua?"

"Ile namna alivyozungusha kamba kwa mkono. Hivyo ndivyo alikuwa anashika kamba ya mbuzi. Lakini hata mimi sijui, Baba Masila. Siwezi kukuambia najua." Alijipangusa viganja kwenye leso. "Kama yuko hai, atatusamehe kwa kumwombea kama maiti. Kama yuko mle ndani, nani mwingine atamtaja?"

Akanipa simu. Katika fomu palikuwa na jina la Masila, na chini yake jina la mama, Peris Ndunge. Mstari wa tatu, jina la baba, ulikuwa mtupu.

"Hapo nimekuachia," akasema. "Sikutaka kukusemea. Fomu inafunguka hadi saa kumi na moja."

Nilikaa na simu ile. Nikiandika, nimesema mara ya pili ni yeye, kwa picha mbovu kuliko ya kwanza, na safari hii nimemzika. Nisipoandika, nimemfungia lango mara ya pili. Niliandika herufi za kwanza za jina langu nikazifuta. Nilimpigia Titus nikimtaka anitafutie mtu aliyeipiga ile video, kwamba huenda katika simu yake mwenyewe picha bado ni nzima. Titus akasema, "Shemeji, aliyeipiga alishuka na wenzake."

Saa kumi ikapita. Peris alikuwa amemaliza ndengu na kuzitia sufuriani. "Andika tu," akaniambia akipita. Nikasikia mdomo wangu ukisema neno ambalo nimelisema maisha yangu yote katika kila ofisi na kila shamba, nami nilikuwa nikilionea fahari: "Siwezi kutia sahihi jambo nisilolijua."

Alisimama. Hakupaza sauti. "Ile siku ulitia."

Nikaandika tena. Reuben, kisha M, kisha A. Nikakosea, nikafuta, nikatafuta miwani mfukoni mwa koti ili nihakikishe kila herufi, kwa maana sikutaka jina liende na kosa. Nilipoivaa na kutazama, saa kumi na moja ilikuwa imefika na fomu imejifunga. Maandishi madogo yakanishukuru kwa kutuma taarifa.

Ijumaa jioni taarifa ya habari ilionyesha ibada. Tuliitazama kwenye televisheni yetu ya zamani, ile yenye kisogo, ambayo picha yake ina theluji na ambayo huonyesha kila mtu akifuatwa na kivuli chake. Mahali palipokuwa na shimo palikuwa pamefunikwa kwa kifusi kipya. Wachungaji wawili na padre mmoja walisimama katika upepo. Sura ya mtu hata mmoja haikuonekana sawasawa. Chini ya skrini majina yakaanza kupita, jina la marehemu, mwana wa nani na nani, mwana wa nani na nani, nami nikainama mbele kitini.

La kwetu lilipita karibu na mwisho. Masila, mwana wa Peris Ndunge. Kisha mahali pa wazi. Kisha jina la mtu mwingine.

Peris alikuwa akilia bila sauti, leso mdomoni. Nilitaka kumshika bega, nikaona mkono wangu umebaki palepale gotini. Yale maandishi, katika televisheni ile mbovu, kwa macho yangu ya miaka sitini na minane, bila miwani, niliyasoma yote.